Gari linavuja oili? Lipia kuangalia kwanza

Wadau, leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu lile doa jeusi ambalo sisi wenye magari ya zamani tunaliacha kila tunapoegesha: nyumbani, ofisini, kanisani, hata kwenye uwanja wa mkwe uliosakafiwa juzi. Tunaliona, tunaguna, tunaongeza oili, maisha yanaendelea. Halafu siku moja fundi anatamka sentensi moja tu na mshahara wa mwezi unaondoka.

Hoja yangu ni fupi. Kwenye gereji zetu tunalipia kufungua na kufunga. Hatulipii kuangalia. Na kuvuja kwa oili ni ugonjwa ambao kazi yake kubwa ni kuangalia, kufunga spana kunakuja baadaye sana.

Mfano ninaoujua vizuri ni gari la mama yangu, pale Tabata. Ni Toyota Corolla, ile tunayoiita "mia", ya mwaka 1994, injini 5A-FE ya cc 1,500. Mama ni mwalimu mstaafu, na gari hilo ndilo linalobeba chakula cha kuku kuja nyumbani na trei za mayai kwenda kwa wateja. Likilala gari, biashara nayo inalala.

Oili ilianza kudondoka matone, baadaye ikawa doa la ukubwa wa sahani kila asubuhi. Fundi akaja, akaingia chini, akaona maungio ya injini na gia boksi yamelowa chapachapa. Akatoka huku anajifuta mikono. "Dada yangu, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Hapa gia boksi lazima ishuke." Laki tatu na nusu ya kazi tu, spea kando, na gari lilale siku mbili.

Wiki hiyohiyo akatokea dalali (sijui huwa wananusa wapi). "Mama, gari linalomwaga oili namna hii nani atalinunua? Mimi nakusaidia tu." Bei aliyotaja ilikuwa ya kutia aibu, lakini mama alikaa kimya muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Nikajua anapiga hesabu. Nikamwomba anipe Jumamosi mbili tu kabla hajatoa jibu.

Jamani, sisemi fundi yule alikuwa mwizi. Mwangalieni vizuri fundi wa chini ya mwarobaini. Ana magari matano yanamsubiri, amelala juu ya boksi, na kila mwenye gari amesimama pembeni anaangalia saa. Sasa fikiria akwambie hivi: "Niachie gari, nilioshe injini, nilizungushe, nilichunguze saa tatu, halafu unilipe elfu thelathini hata kama sijafungua nati moja." Wangapi tungekubali? Tungemcheka. Tungesema fundi gani analipwa kwa kutumbua macho. Basi naye anafanya tunachomlipia. Anaona pamelowa wapi, anataja kifaa kilicho karibu na pale, anafungua.

Tatizo ni kwamba palipolowa sipo palipotoboka. Kwenye kazi yetu ya habari tunafundishwa mapema kwamba aliyekuletea habari si lazima awe ndiye chanzo cha habari. Huenda naye kasikia kwa mwingine, na huyo naye kasikia kwa mwingine. Doa la chini ni hivyohivyo, ni msimulizi wa mwisho. Oili ikitoka juu ya injini inateremka polepole, inafuata kona na mbavu za chuma, inapita juu ya boliti, na gari likitembea upepo unaisukuma kurudi nyuma. Mpaka inadondoka sakafuni imeshasafiri mbali. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usiulize inadondokea wapi, tafuta sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa yenye unyevu. Hapo ndipo penye kesi.

Haya, twende kazini. Ninayoeleza hapa mtu anaweza kuyafanya uwanjani kwake akiwa na seti ya kawaida ya soketi, bisibisi, tochi na muda. Muda ndio wenyewe. Faida kubwa ya kufanya nyumbani sio kukwepa hela ya fundi, ni kwamba hakuna anayekuharakisha.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini. Tandika boksi jeupe au kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, weka alama ya upande uliko mbele. Asubuhi soma. Ya kahawia au nyeusi na inateleza, hiyo ni oili ya injini. Nyekundu, mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki au ya usukani. Ya kijani au ya pinki na nyepesi kama maji, hiyo ni kulanti ya rejeta. Maji matupu upande wa abiria ni jasho la AC, nenda kanywe chai. Boksi pia linakuonyesha matone yanaangukia upande gani, yaani unajua uanzie kutazama wapi.

Pili, osha injini. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo siri yote ilipo. Injini iliyopakwa uchafu wa miaka kumi haiwezi kukwambia chochote, kila mahali pamelowa. Iache ipoe kabisa. Vua waya wa hasi wa betri. Funika distribyuta, alteneta na mdomo wa hewa kwa mifuko ya nailoni. Chukua dizeli kidogo au mafuta ya taa, brashi ya rangi na mswaki wa zamani, sugua, kisha malizia na maji ya sabuni na kitambaa. Usipige maji ya presha kwenye waya. Na usiwashe injini mpaka pamekauka na harufu ya mafuta imeisha kabisa, maana hayo nayo yanawaka.

Tatu, poda. Ndiyo, poda ya mtoto. Injini ikishakauka, nyunyiza poda kwenye maungio unayoyashuku: kuzunguka tapeti kava, chini ya distribyuta, kuzunguka filta, kwenye swichi ya oili, pembeni ya sampu. Epuka mikanda na feni. Washa gari, liache likamate moto, kisha zima na uangalie kwa tochi. Oili mpya ikipita kwenye poda inachora mstari kama mchwa ukutani. Unaufuata mstari kwenda juu mpaka unapoishia. Pale ambapo jicho halifiki, ingiza simu ukirekodi video huku tochi yake ikiwaka. Mimi sehemu ya nyuma ya injini ile niliiona kwenye simu, sio kwa macho.

Tulichokiona, wadau, kilikuwa sehemu mbili. Mstari wa kwanza ulianzia kwenye kona ya tapeti kava, upande wa gia boksi. Wa pili ulianzia chini ya distribyuta, ambayo kwenye injini hii imechomekwa ubavuni mwa silinda hedi, upande huohuo wa gia boksi. Yote miwili ikashuka ikakutana juu ya maungio ya injini na gia boksi, ikazama. Yaani palepale fundi alipopaona pamelowa! Sili ya nyuma ya krenki huwezi kuiona bila kushusha gia boksi, kwa hiyo sikuweza kuapa kwamba ni nzima. Lakini huwezi kumhukumu wa chini wakati wa juu anammwagia. Unaziba juu kwanza, unaosha tena, ndipo unaona kama chini bado kunalowa.

Mbona vitu hivi vinavuja? Umri. Gasketi ya tapeti kava ni ya mpira. Joto la injini, kupoa, joto tena, miaka zaidi ya 30... mpira unakauka unakuwa mgumu kama plastiki na hausukumi tena pande zote mbili. Ile tuliyoivua ilikatika vipande mkononi kama biskuti.

Ila kabla ya kununua gasketi kuna kijidudu kimoja cha kukagua, na hiki wengi hawakijui: valvu ya PCV. Injini inapofanya kazi kuna hewa inayopenya kupita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka ndani ya injini. Hewa hiyo lazima itolewe, na njia yake ni kivalvu kidogo juu ya tapeti kava kinachounganishwa kwa hosi na njia ya hewa ya injini. Kikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na patakuwa ni kwenye gasketi na sili zako mpya. Ndiyo maana mtu anabadilisha sili leo, baada ya miezi miwili inavuja tena, anamlaani muuza spea. Kichomoe, kitikise. Kizima kinalia kachakacha. Kisicholia kimeganda, kioshe au kibadilishe, na kagua hosi yake kama haijapasuka. Cha mama kilikuwa kimya kama kaburi.

Spea tulizipata Gerezani, Kariakoo: gasketi ya tapeti kava pamoja na zile sili za mpira za mashimo ya plagi, o-ringi ya distribyuta, valvu ya PCV na tyubu ndogo ya silikoni ya injini. Vyote kwa jumla vilikuwa chini ya hela ambayo vijana wawili wanaimaliza mezani Ijumaa jioni. Nenda na kile cha zamani mkononi ukilinganishe, usitaje jina la gari tu.

Kuhusu kufungua tapeti kava, mambo ni machache ila yana adabu yake. Injini iwe baridi. Piga picha kila kitu kabla ya kuchomoa. Waya za plagi zibandike karatasi zenye namba 1 hadi 4, maana ukizichanganya gari litakohoa. Ukikuta oili imejaa kwenye mashimo ya plagi, ifyonze kwa kitambaa kwanza KABLA ya kufungua plagi, isije ikaingia kwenye silinda. Oili hiyo ndiyo pia inayofanya gari likose moto mara kwa mara, na watu wananunua plagi mpya kila mwezi bila kujua.

Kava likigoma kutoka, ligonge taratibu kwa mpini wa nyundo au kipande cha mbao. Usilipekenye kwa bisibisi. Hedi ni ya alumini, mkwaruzo mmoja tu ni njia mpya ya oili. Futa pande zote mbili mpaka zikauke kabisa. Chomeka gasketi mpya kwenye mfereji wake, weka tone dogo la silikoni kwenye zile kona ambapo kepu za kemshafti zinakutana na hedi, basi. Tone tu! Kisha rudisha nati kwa zamu, kidogo kidogo, ukianzia katikati. Zinataka nguvu ndogo sana ya mkono, chini hata ya ile ya kufunga plagi. Gasketi ya mpira haizibi kwa kubanwa mpaka ilie. Ukizidisha unapinda kava au unang'oa nyuzi za boliti, na hapo umenunua kesi mpya.

Distribyuta ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kabla ya kulegeza boliti zake, chora alama inayovuka kutoka kwenye distribyuta hadi kwenye hedi, ili irudi pembe ileile, maana ukiizungusha umebadilisha taimingi. Mimi nilitumia rangi ya kucha. Ukiivuta unakutana na o-ringi ndogo tu, imekakamaa. Toa, weka mpya, ipake oili kidogo, rudisha kwenye alama. Na kama ukifungua kofia yake ukakuta oili kwa ndani, ujue kuna sili nyingine ndani yake imekwisha, hiyo o-ringi ya nje haitasaidia.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Osha tena. Washa. Subiri.

Jumamosi ya pili tulitandika boksi jipya. Asubuhi kulikuwa na tone moja, upande wa mikanda, la ukubwa wa shilingi. Kwenye maungio ya gia boksi, pakavu. Gari limetembea kilomita mia kadhaa baada ya hapo na bado pakavu. Sili ya nyuma ya krenki haikuwa na kosa, na gia boksi haikushuka. Lile tone la upande wa mikanda ni sili ya mbele ya krenki, na hilo tumeliacha kwa makusudi. Ili kuifikia ni lazima kufungua taimingi belti, na belti yenyewe ina zamu yake kila kilomita 100,000 hivi. Siku ya belti na sili itabadilishwa, kwa kazi moja. Ila tumekubaliana tone likianza kukua hatusubiri, maana oili ikilowanisha belti inaila.

Sasa naomba niseme kidogo juu ya tiba za mtaani.

Silikoni ya kupaka nje. Unaona mtu amezungushia gundi nyekundu injini nzima kama keki ya harusi. Oili inasukuma kutoka ndani, gundi ya nje juu ya uchafu haishiki. Na ile inayobanwa kuingia ndani inakatika vipande, inaelea mpaka kwenye chujio la sampu na kuziba njia ya oili. Umeziba tone, umeua injini.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja. Zipo zinazolainisha na kuvimbisha mpira uliokauka, na kwa sili inayotoa jasho kidogo zinaweza kukupa muda. Gasketi iliyokatika hazifufui.

Oili nzito zaidi. Inapunguza kasi ya kuvuja. Haitibu. Fuata kitabu cha gari.

Halafu usalama, hapa sina utani. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala tofali. Tofali linapasuka bila kuaga. Tumia stendi za chuma, zuia matairi. Vaa glavu, kwa sababu oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi miaka na miaka inahusishwa na kansa. Na kama unasikia harufu ya oili inayoungua au unaona moshi unatoka kwenye boneti, usiongee habari ya "nitaangalia wikiendi". Kwenye injini hii ekzosi iko mbele, chini tu ya tapeti kava, na oili inayoidondokea ikiwa ya moto inaweza kuwaka. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni na uzime injini hapohapo. Usijipe moyo kwamba nyumbani ni karibu.

Wakati huohuo, doa likiwa dogo, kipimo chako ni stiki. Ipime mara moja kwa wiki, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa dakika kadhaa. Magari mengi hayauawi na kuvuja, yanauawa na mwenye gari kutojua kiasi kilichobaki.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Nusu ya mtaa wetu wanachota maji ya kisima, na mtaro hauna mwisho, unaelekea kwa mtu. Iweke kwenye dumu, ipeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta wanakoikusanya.

Dalali alirudi, bila shaka. Mama alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, akamwambia gari haliuzwi. Yeye mwenyewe hakushika spana hata moja kati ya siku zote zile, ila ndiye aliyekuwa anashika tochi, na ndiye aliyeuona ule mstari wa pili kabla yangu.

Najua sio kila mtu ana uwanja, Jumamosi mbili na mama mwenye macho makali. Wengi wetu tutaendelea kwenda kwa fundi, na ni sawa, mafundi wetu wanajua kazi. Ninachoomba ni kitu kimoja. Siku fundi akikwambia gia boksi ishuke, usibishane naye na usimwite tapeli. Mwambie hivi: "Fundi, nakulipa leo uoshe injini na utafute inaanzia wapi. Nakulipa hiyo kazi peke yake, hata usipofungua kitu." Mtajie na kiasi. Atakushangaa, huenda hajawahi kuambiwa hivyo. Kisha vuta kiti ukae, uangalie naye.

Naomba kuwasilisha.